Sumaku ya Korbinian

Mheshimiwa Meya, nawe Profesa Waltraud Haindl unayestaafu leo, madaktari na wauguzi, ndugu wanabendi wa kijiji chetu, na wewe pia, Korbinian Zirngibl, uliyekaa mbele na bia yako ukitabasamu: nawasalimu nyote.

Nimeombwa nimsifu Profesa kwa niaba ya wagonjwa, na nitamsifu. Lakini naona wivu, na sitauficha.

Mimi na Korbinian tulipiga tarumbeta bega kwa bega tangu ujana, na masikio yetu yakaanza kulia mwaka uleule: mlio mwembamba, kama birika lililosahauliwa jikoni, usiozimika. Ni nani kati yenu aliyewahi kuogopa chumba chenye ukimya? Ndipo Profesa akatualika kwenye utafiti wake. Unakaa kitini, sumaku inawekwa juu ya sikio, inagonga ta-ta-ta, eti ubongo utulie. Alituonya mapema kwamba wengine wangepata sumaku ya kweli, na wengine ya bandia, inayogonga vilevile bila kufanya lolote; utafiti ukiisha, waliopata ya bandia wangepewa nao ya kweli.

Wiki ya pili Korbinian akaniita barabarani. "Ottmar! Mlio umekwisha, bwana! Nasikia njiwa!"

"Hongera," nikasema. Moyoni nilitamani njiwa hao wamnyee.

Mimi sikupona. Nikajiliwaza kwamba mwenzangu kapata ya kweli, mimi ya bandia, bahati tu. Akarudi kwenye bendi, akakalia kiti changu cha tarumbeta ya kwanza. Mke wangu mwenyewe humpigia makofi!

Wiki iliyopita utafiti ulifungwa, Profesa akatueleza. Kumbe ya kweli nilipewa mimi! Korbinian alipewa ya bandia.

"Basi sasa ni zamu yangu kupata ya kweli," akasema Korbinian huku akicheka. "Si ndivyo tulivyoahidiwa?"

"We Korbinian, ya nini, na umeshapona?"

"Haki ni haki, mzee."

Jamani! Profesa, madaktari wengine walituambia tuuzoee tu mlio. Wewe ulitusikiliza, tena hukutudanganya hata siku moja. Nakushukuru kwa moyo wote. Ndiyo maana naomba jambo moja mbele ya Mheshimiwa Meya, kabla hujaondoka. Ya kweli mpe Korbinian. Mimi nataka ile ya bandia, iliyomponya yeye.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Na wewe, Profesa, nikishakaa kitini, nidanganye mara hiyo moja tu: niambie ni ya kweli.