Mama Mkwe na Maji ya Saa Nne

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne, mbele ya banda la Castory fundi baiskeli, pana benchi ambalo halijawahi kupoa. Mzee Uweso hulifungua alfajiri kwa buli lake la kahawa, na halifungwi mpaka buli liishe. Ncha ya kulia hukaa Hatibu, anaitwa Nahodha kwa sababu alikata tiketi miaka tisa kwenye kivuko cha Pangani, na mpaka leo hajashuka humo. Ncha ya kushoto ni ya Sabiri, anaitwa Bando, maana simu yake haiishiwi intaneti wala yeye haishiwi habari. Castory mwenyewe, kwa wembamba wake, wamembatiza Spoku, na Ijumaa hiyo Spoku alikuwa na ugeni nyumbani. Mama mkwe wake alikuwa ameshuka jana kutoka Mlalo, huko milimani, kuja kumwona mjukuu. Ni mara yake ya kwanza Tanga tangu binti yake Brightness aolewe, na basi lake la kurudi ni kesho Jumamosi, saa nane mchana. Sasa Spoku, mbele ya sahani ya wali, akamtuma mkewe aahidi kwamba kesho asubuhi familia nzima itakwenda Raskazone, mama akaione bahari imejaa mpaka kwenye ngazi. Miaka sita mama huyu amekuwa akisema binti yake ameolewa na kopo la grisi. Spoku aliitaka asubuhi hiyo moja kuliko kitu chochote.

— Kesho mwezi ngapi? akauliza Nahodha, kafumba jicho moja.

— Kumi na tano, akajibu Mzee Uweso.

— Basi ni bamvua hiyo. Maji makubwa. Saa kumi jioni yatapiga ngazi.

Spoku akaweka spana chini.

— Na asubuhi?

— Asubuhi saa nne yamekupwa yote. Utamwonesha mkweo tope na kaa.

— Mimi nimeahidi bahari, Nahodha.

— Yakhe, unaahidi bahari bila kuhesabu mwezi?

— Nimezaliwa shamba la mkonge Muheza. Kule tulihesabu mizigo ya mkonge, si mwezi.

Bando akanywa funda, akafuta kioo cha simu kwenye suruali.

— Mnamtisha mwenzenu bure. Kesho inaingia meli kubwa bandarini, nimeiona humu. Ukitia mguu kwenye beseni, maji hayapandi?

— Yanapanda.

— Haya. Haba na haba hujaza kibaba. Saa nne Raskazone pamejaa.

— Kwa meli moja?

— Na tishari zake za mizigo.

Nahodha akacheka kwa pua.

— Bando, wewe maji unayajua kwenye ndoo. Spoku, mpeleke Pangani. Mto ule unatoka Kilimanjaro. Bahari ikitoka, mto unaziba pengo. Miaka tisa sijaiona Pangani kavu.

— Kwenda, kuoga, kurudi, halafu basi la saa nane?

— Mwenda pole hajikwai.

— Hajikwai, lakini anaachwa na basi.

— Basi mpeleke Tongoni, akasema Mzee Uweso, akimimina. Magofu hayana kupwa wala kujaa.

— Mzee wangu, nimpeleke mama mkwe penye makaburi? Si atasema namwonesha nafasi yake?

— Kwani lazima atembezwe? akadakia Bando. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kesho ndiyo ya tatu.

Nahodha alikuwa ameshainuka, anachora mchangani kwa kidole cha mguu.

— Sikilizeni. Kigombe kuna mashua za mashine. Zije kumi, zijipange mstari mmoja mbele ya Raskazone, zisukume maji kuja pwani kama unavyofagia ukumbi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kusukumika yanasukumika.

Cha kusikitisha ni kwamba Spoku alianza kufikiria ni nani anamfahamu Kigombe.

Hapo ndipo alipofika Mwalimu Hasina, aliyehamia mtaa huo juzi tu, anakokota baiskeli yenye pancha.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu. Kaa, kahawa ipo.

Akakaa, akasikiliza habari ya meli, na ya mto, na ya mashua kumi. Kisha akauliza taratibu:

— Samahani. Huyo mama mmemuuliza anataka bahari ya namna gani?

Nahodha akafuta mashua zake mchangani kwa unyayo. Bando akaanza kutafuta jibu kwenye simu.

— Mkwe haulizwi, akasema Spoku. Anaandaliwa.

Ukweli ni kwamba alimwogopa. Kwa miaka sita kila neno lao lilipitia kwa Brightness, kama barua.

— Si una simu? akasema mwalimu.

Spoku akafuta mikono, akampigia mkewe, akaomba mama aulizwe. Brightness akaweka spika, na Spoku naye akaweka. Benchi zima likamsikia mama akikohoa, kisha akisema bila haraka:

— Mwambie mumeo mimi sikushuka kutazama maji. Maji yapo Mlalo. Marehemu baba yako alibeba mizigo bandarini huku kabla hajanioa. Aliporudi akaniambia kuna asubuhi bahari inaondoka, watu wanatembea kwa miguu pale ilipokuwa, halafu inarudi yenyewe. Nikamwita mwongo mbele ya ndugu zake. Miaka thelathini na nane namwita mwongo, mpaka namzika. Nataka nikanyage hapo, nimwombe radhi. Muulize Castory kama hiyo asubuhi bado ipo.

Mzee Uweso akalishusha buli. Spoku hakumngoja Brightness arudie swali, akasahau kabisa kwamba mkwe huongeleshwa kwa kupitia mtu.

— Ipo, mama, akasema. Ni kesho saa nne. Nitakushika mkono, maana panateleza.