Dawa ya Maji na Ndimu za Kiongoroni

Mgeni rasmi, mheshimiwa uliyeacha kiti chako wilayani ukapanda boti kuja kwetu. Viongozi wa kijiji, wazee na ndugu zetu: Assalaam alaykum. Na kwa walimu na wauguzi wetu waliotoka bara, Bwana asifiwe.

KARIBU KWETU

Tunakupa pole ya tope. Tumeona umeshuka viatu mkononi, na hilo limetufurahisha, maana wengine husalimia kutoka botini wakageuza. Karibu sana.

SISI NI NANI

Sisi ni wanawake ishirini na mmoja tunaochambua kamba. Ukichambua kamba tangu alfajiri, shombo haliondoki kwa sabuni. Unakata ndimu, unasugua vidole, unasugua beseni, unasugua na meza, basi. Mama zetu walifanya hivyo, nasi tumewafundisha wajukuu. Hakuna nyumba hapa utakayokosa ndimu, na ndizo zilizotuponza.

KAZI TULIYOIFANYA

Mafuriko ya masika yaliyopita yalichafua visima, kipindupindu kikaingia. Tulizika watu wanne kwa wiki moja. Nesi wetu, Elinipendo, akatuletea ndoo ya unga wa klorini, akatufundisha kwa utulivu: unga ndio unaotiwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya unga. Uchanganyie nje, upepo ukiwa mgongoni, glavu mkononi na barakoa usoni. Ndoo ikae pakavu, mbali na watoto, mbali na petroli na mafuta ya taa. Kijiko chake kisirudi jikoni.

Tukamchagua mwenzetu Biasha ashike ufunguo wa stoo, kwa kuwa mkono wake hauzidishi wala haupunguzi. Hata chumvi ya pilau ya harusi huachiwa yeye. Akawa anapita mapipa ya nyumba zote, kila siku, mvua na jua. Siku ya kumi na tisa nesi akatangaza: hakuna mgonjwa mpya. Tulipiga vigelegele.

LILILOTUPATA

Ilikuwa Alhamisi, baada ya adhuhuri. Mvua ilianza, Biasha, akiwa ndani, akafunga mlango na dirisha la stoo ili unga usilowe. Ndoo ya kuchanganyia ilikuwa na dawa kali imebaki chini, inanuka, akataka kuisafisha. Wifi yake Yasmin alikuwa barazani, anamtania kupitia mlango uliofungwa.

"Wifi, siku hizi unanuka kama choo cha stendi ya Kibiti. Kaka yangu atakukimbia!"

"Akimbilie wapi na goti lile? Nilikuja na ndimu zangu humu."

"Zitaiweza dawa hiyo?"

"Zimekata shombo la papa, mwenzangu, zishindwe na unga?"

Akamimina bakuli zima la maji ya ndimu ndani ya ndoo.

Yasmin alisikia kitu kinachemka, kisha akaona moshi wa manjano iliyochanganyika na kijani unatambaa chini ya mlango. Ndani, Biasha aliona macho yanawaka moto. Akavuta pumzi ili aite, na pumzi ile ile ikamkaba koo. Akapapasa komeo, akalikosa. Akapapasa tena. Alikuwa anafikiria, ametuambia mwenyewe, kwamba ameacha wali motoni.

Yasmin akapiga mayowe. Mumewe Biasha, Sadala, aliuvunja mlango kwa kasia, akajifunga kanga mbichi usoni, akamburuta nje. Watu wakaja mbio na maziwa, kama kwa mtu aliyekunywa sumu. Nesi akapiga kelele, "Hakunywa, amevuta! Mpelekeni penye upepo, mkalisheni, msimlaze!" Vijana wawili walioingia kuokoa ndoo walitoka wanatapika.

Na maji yalikuwa yamekupwa, boti imekaa juu ya tope. Tukaiburuta, wanawake na wanaume, tope mapajani, mpaka mkondoni, Biasha ndani yake anakoroma kwa kila pumzi.

Baadaye tulimuuliza nesi, "Mbona habari ya ndimu hukutuambia?" Akalia. "Niliwaambia msichanganye na asidi. Kwetu Upareni hatuchambui kamba, sikujua mnasafishia ndimu." Nasi asidi tuliyoijua ni ile ya betri.

HALI ILIVYO SASA

Biasha alirudi kutoka hospitali baada ya siku kumi na tatu. Sauti yake imebaki ya kukwaruza, na akibeba ndoo hupumzika mara mbili njiani. Lakini lililotushtua zaidi ni kijiji. Watu wamemwaga mapipa yao. Wanasema, "Kitu kilichotaka kumuua Biasha ndicho tukitie tumboni?" Wamerudi kwenye visima vile vile, na tangu juzi watoto wawili wanaharisha. Biasha akibisha hodi, hakuna anayemfunulia pipa. Wanamwita Bi Moshi.

TUNAYOOMBA

Tunaomba kila ndoo ya dawa iwe na maelezo ya Kiswahili na picha: ndimu, siki, ukwaju na dawa ya choo, vyote vimepigwa mstari mwekundu. Tunaomba stoo yenye madirisha mawili yanayopitisha hewa. Tunaomba gati lifike mkondoni, mgonjwa asisubiri maji yajae.

Ombi la mwisho halihitaji bajeti. Leo asubuhi Biasha amechanganya dawa, nje, glavu mkononi, nesi akimtazama. Glasi iliyo mbele yako imetoka kwenye pipa lake. Hao waliojazana ukutani hawakuja kusikiliza risala, wamekuja kuitazama glasi hiyo. Hatukulazimishi, mheshimiwa, tungekuwa wewe, nasi tungeogopa. Ila sisi ishirini na mmoja tumeshakunywa, Biasha akiwa wa kwanza. Tunakuomba unywe wakikuona, uimalize, kisha glasi umrudishie yeye mwenyewe, mkononi.

Mungu akurudishe kwako salama, na awajaalie watoto wa delta hii maji yasiyowaua.

Ni sisi,
Kikundi cha Wanawake Wachambua Kamba, Kiongoroni.