Chaki ya Jumatano

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye familia imemwomba asome kilichoandikwa na asiongeze la kwake, naye ameahidi kujitahidi.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954, kwa mujibu wa cheti, ingawa mama alishikilia hadi kufa kwake kwamba ilikuwa tarehe 15 na kwamba karani wa vizazi alikuwa na haraka zake, naye dada alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi seremala na mshonaji wa nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1962 hadi Novemba 1968, ambako aliadhibiwa mara moja tu, kwa kosa la kumsahihisha mwalimu mbele ya darasa, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana mwaka 1969 na kuhitimu mwaka 1972.

Tarehe 4 Machi 1974 aliajiriwa kuwa msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji, kwenye chumba cha ghorofa ya pili kilichotikisika kila mashine za chini zilipowashwa, akakaa humo miaka thelathini na mitano, kalamu nyekundu ikiwa imechomekwa kwenye nywele, na wachapaji wanakumbuka kwamba hata barua ya kuomba ruhusa ya ugonjwa aliirudisha kwa mwenye nayo ikiwa na alama.

Jumamosi ya tarehe 7 Juni 1980 alifunga ndoa na fundi saa, mwenye kibanda cha vioo mkabala na lango la kiwanda, mtu mpole, wa maneno machache, ambaye ukoo wetu haukumwelewa tangu mwanzo, maana mtu anayetazama sana na kusema kidogo huwapa watu kazi ya kumkisia.

Hapa, ndugu zangu, ndipo penye lile swali ambalo wengi wenu mmekuja nalo leo chini ya kanga na makoti, msijifanye hamlijui, kwamba wale wapelelezi wawili, mke na mume, Bibi Prufu na Bwana Lenzi, walioishi katika vitabu kumi na kimoja vya hadithi za upelelezi alivyoandika marehemu, walitoka wapi, na yule mwanamke wa chaki, ambaye mtaa mzima ulimjadili, alikuwa nani.

Ukweli ni kwamba marehemu alikuwa na daftari la buluu alimonakili makosa ya kuchekesha aliyokutana nayo kazini, na kwa kuwa kiwanda kilikataza maandishi yake kutolewa nje, alilificha kabatini chini ya mashuka. Mume aliona linavyofichwa, akaingiwa na wivu, akahisi ni barua za mwanamume mwingine. Naye mke, kuanzia Jumatano ya tarehe 3 Februari 1982, alianza kuona mume anarudi saa kumi na mbili na robo jioni, mkono wa shati una vumbi la chaki, akiulizwa anasema alipita kwa mteja, basi akaandika katika daftari hilohilo saa, shati na harufu, wiki baada ya wiki, na mwisho akaandika, "Nani huyu mwanamke mwenye chaki?"

Alimweleza mdogo wake, mdogo wake akamweleza mama, na lisemwalo lipo, mama akaacha kuitikia salamu za mkwe wake.

Tarehe 14 Aprili 1982 marehemu alifungua daftari akakuta chini ya swali lake maneno ya penseli, herufi kubwa zimelala upande, "Sina mwanamuke. Nina soma," naye, kwa mazoea ya kazi, kabla hajashtuka, alichomoa kalamu kichwani, akafuta ile u, akaunganisha lile neno la mwisho, kisha ndipo akajiuliza huo ni mwandiko wa nani, akakaa kitandani akalia.

Fundi saa hakuwa anajua kusoma, tarakimu ndiyo, herufi hapana, sahihi yake ya siku ya ndoa alikuwa ameikariri kama mchoro, na kila Jumatano alikuwa katika darasa la watu wazima kwa mwalimu mzee mwenye kikohozi, ili siku moja aweze kulisoma daftari la mke wake, na alipoweza, jambo la kwanza alilosoma maishani kwa macho yake lilikuwa tuhuma dhidi yake mwenyewe.

Aliomba aibu hiyo isitoke nje, naye marehemu aliitunza miaka arobaini na miwili, hata mama alipofariki bila kumwitikia mkwe. Alichofanya ni kumweka Bwana Lenzi vitabuni, ambaye kila akikabidhiwa barua humwambia mkewe, "Nisomee wewe, mimi naangalia karatasi," na wasomaji walidhani ni mapenzi, wala hawakukosea sana.

Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1983 na mvulana mwaka 1987, na wajukuu watano.

Tarehe 19 Novemba 2023 marehemu alipata kiharusi kilichochukua ulimi na mkono wa kulia, na tangu siku hiyo mumewe alimwandikia vikaratasi, naye akavirudisha vimesahihishwa kwa mkono wa kushoto, hadi alipofariki Alhamisi ya tarehe 2 Mei 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na majirani wote, waliokuja kusaidia na waliokuja kupeleleza.

Juzi shemeji alileta lile daftari nyumbani kwangu, akaliweka mezani, akasema, "Lisome siku ya maziko, mengine wanayajua," na mimi, ambaye ndiye niliyempelekea mama maneno, nasema mbele yenu nilimkosea shemeji. Shemeji, nisamehe.

Kadi ya shada shemeji ameiandika mwenyewe, "Pumzika kwa amini." Nilipochukua kalamu nyekundu niirekebishe, alinishika mkono, na mpaka sasa hajaniambia kama alikosea au alikusudia.

Dada, pumzika kwa amini.