Geti la Wendell Ostby

Ijumaa tarehe 28 Juni, Wendell Ostby anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwa askari wa mahakama ya kaunti yetu. Muda wote huo hajawahi kuchomoa bastola yake, na wengine tunashuku imeshikamana na mkoba wake kwa kutu. Silaha zake zilikuwa maneno ya taratibu, kahawa mbaya, na subira ambayo majaji watatu waliitegemea.

Alitujia akitokea kiwanda cha mbao. Kazi yake ilikuwa kuwasimamisha watu jaji anapoingia na kuwatuliza wenye hasira. Maharusi waliokuja bila shahidi aliwasimamia yeye, na kila mara alilia. Akikana, muulizeni mkewe, Marvel.

Lakini hapa Montana jina lake haliwezi kutajwa bila wale jamaa wanaojiita watu huru, wanaodai kwamba sheria na kodi za serikali haziwahusu. Tumewapokea wengi: wanaosaini kwa wino mwekundu na kubandika dole gumba, wanaoapa kwamba bendera yenye matamvua ya dhahabu ni ya jeshi la majini na kwa hiyo mahakama yetu ni meli. Sisi tulikuwa tukicheka. Wendell hakucheka, maana shemeji yake alipoteza nyumba kwa mafundisho hayohayo, akamalizia maisha kwenye trela ya kuazima.

Siku tunayoikumbuka ni ile ya Orrin Haugland, mfugaji wa ng'ombe wa bonde la juu. Alikuwa ameacha kulipa kodi ya ardhi, kwa sababu mwalimu mmoja wa semina za hotelini alimuuzia maneno kwamba serikali haimwezi. Alipoitwa mahakamani alikuja kweli, akafika kwenye geti dogo la mbao linalowatenga watazamaji na meza za mbele, akagoma kupita. Jaji Pruitt alimwita mpaka akachoka, kisha akatangaza mapumziko: akirudi amkute Orrin ndani, ajitetee, la sivyo shamba la babu yake litapigwa mnada.

Wendell akamfuata. Sisi wa masijala tulisikia yote.

"Pita basi, Orrin."

"Nikipita hapo nimepanda meli yao. Wananishika kwa sheria za baharini."

"Bahari gani, bwana wee? Kutoka hapa mpaka uione ni siku nzima kwa gari."

"Wewe nitanie tu. Mwalimu katueleza, ukivuka geti umekubali."

"Kumbe shida yako ni geti?"

"Ni geti."

Wendell akaenda stoo, akarudi na bisibisi, akapiga magoti na mgongo wake ule mbovu, akaling'oa geti la serikali na kuliegemeza ukutani. Orrin alilitazama lile pengo. Nadhani alikuwa amechoka kuogopa siku nyingi, akakosa pa kurudia bila aibu.

"Mke wangu hapati usingizi siku hizi," akasema.

"Basi twende tukakae," Wendell akamjibu, wakaingia bega kwa bega.

Jaji alirudi, akatupa jicho ukutani, akafungua faili bila kuuliza kitu. Orrin akaruhusiwa kulipa kidogo kidogo, akamaliza, na ng'ombe wake wangali wanaziba barabara kule juu. Wendell alipewa onyo la maandishi kwa kuharibu mali ya kaunti. Amelitia fremu, liko sebuleni kwake.

Sasa ukumbi unakarabatiwa na geti halihitajiki tena. Wendell, wenzako tunakupa wewe, ulifunge kwenye bustani yako. Ahsante kwa kila uliyemshika mkono akaingia. Tunakuombea afya, samaki tele mtoni, na kahawa iliyopikwa na mtu mwingine. Jumamosi asubuhi usitoke nyumbani: Orrin anakuja na bisibisi yake kukufungia geti, na ametuambia tusithubutu kumtangulia, wa kwanza kulipita ni yeye.