Asubuhi Uchechemee, Mchana Utembee

Nyuma ya Kenyatta Market, pale moshi wa nyama choma unapokutana na harufu ya nywele zinazochovywa ncha kwenye maji moto, kuna benchi refu ambalo mguu wake mmoja ni mawe yaliyopangwa, na hakuna anayejua lilitoka wapi wala ni la nani, ila kila mtu anajua anapokaa. Upande wa kulia hukaa Bishop, mkata nyama, aliyeitwa hivyo si kwa ajili ya kanisa bali kwa sababu hawezi kufungua kinywa bila methali kuponyoka. Katikati ni Professa, fundi wa simu, aliyekaa chuoni mwaka mmoja na kuusimulia mpaka leo. Upande wa kushoto, birika likichemka juu ya makaa, ni Kanjo, ambaye zamani alikuwa askari wa jiji akikimbiza wachuuzi na sasa ni mchuuzi wa kahawa anayekimbizwa. Mbele yao, kwenye kigoda, siku hiyo alikuwa ameketi mteja mgeni aitwaye Debra, kichwa kimeinama, usingizi umemchukua, nusu ya nywele imesukwa na nusu imesimama kama iliyoshtuliwa. Na nyuma ya Debra alikuwa Selpher, msusi, mtoto wake Quincy amelala kando kwenye katoni ya nywele bandia. Vidole vya Selpher vilikuwa vinasuka lakini roho haikuwepo. Roho ilishatangulia kesho.

Kesho ndiyo ilikuwa inamla. Polio iliupitia mguu wake wa kushoto akiwa mdogo, ikauacha mwembamba kama mpini, na kila hatua huisukuma kwa mkono, kiganja juu ya paja, hivyo ndivyo alivyotembea shule ya msingi na sekondari kule Uthiru, na hivyo ndivyo alivyotembea chuo cha ufundi cha walemavu, na chuo hicho ndicho kilichopeleka jina lake serikalini, maana sheria mpya ilisema walemavu watengewe kazi, na sasa ameitwa, ameitwa kweli, saa mbili asubuhi madaktari pale hospitalini wamwangalie kama kweli ni mlemavu, na saa nane mchana wakubwa wa ofisi huko mjini wamwangalie kama kweli kazi anaiweza. Kazi ya masijala, kubeba faili na kuzipanga. Kazi ya kiti na mshahara, si hii ya kusimama hadi goti linavimba kama donge la mandazi. Alikuwa na hofu hata chai ya asubuhi haikushuka, na katika hofu hiyo akafanya kosa moja. Aliwaambia watu wa benchi.

— Wacha nikuelewe, Mama Quincy, Bishop akasema, kisu mkononi. Asubuhi wanataka uwe umelemaa.

— Ndiyo.

— Na mchana wanataka usiwe umelemaa.

— Wanataka niwe naweza kazi.

— Siku moja?

— Siku moja, Selpher akasema, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyoipanga.

Bishop akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima figo.

— Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Maana yake, shika zote mbili na nguvu.

— Haimaanishi hivyo, bana, Professa akasema.

— Inamaanisha hivyo nikiwa mimi ndio nasema.

Professa akaiweka chini simu aliyokuwa ameifungua matumbo.

— Hii si ngumu. Hii ni hesabu tu. Madaktari wanapeana maksi. Mguu inafanyiwa mtihani kama sisi tulifanyiwa. Ukipata maksi kidogo, umefeli, wewe ni mzima, enda nyumbani. Ukipata mingi sana, asubuhi umepita lakini mchana umejimaliza. So unatafuta katikati.

— Katikati ni ngapi? Selpher akauliza, na vidole vikasimama, kwa maana alitaka kujua kweli.

— Inategemea.

— Inategemea nini?

— Vitu mingi.

Kanjo akacheka kwa pua. Akajimiminia kikombe, akanywa nusu, akangoja watu wamwangalie.

— Nyinyi mnaongea tu. Mimi nimekula mkate ya serikali. Mama Quincy, adui yako si daktari. Daktari ni mtu amechoka, anataka lanchi. Adui yako ni yule jamaa anafagia koridoo.

— Anafagia?

— Anajifanya anafagia! Ile fagio haina kazi. Amewekwa pale akuangalie vile unatembea ukidhani hakuna mtu. Ukitoka kwa daktari ukichechemea, halafu ufike kwa kona unyooke, huyo anaingia kwa mlango ingine na habari yako yote.

— Woi, Selpher akasema.

— Na mama wa chai pia. Na yule wa lifti. Na kama kuna mzee amelala kwa benchi na gazeti kwa uso, huyo ndio mkubwa wao.

— Ni zaidi ya hapo, Professa akasema, maana hapendi kuachwa nyuma. Siku hizi kuna setilaiti. Inaweza kusoma namba ya gari ikiwa kule juu. Itashindwa na mguu?

— Setilaiti imuangalie Mama Quincy? Bishop akauliza.

— Kwani yeye si raia?

Selpher aliwatazama mmoja mmoja, na jambo la ajabu ni kwamba alijua, kichwani alijua kabisa, kwamba hawa ni watu ambao wiki jana walibishana kuanzia kahawa ya kwanza mpaka ya mwisho kama samaki hulala, lakini hofu haichagui mwalimu, na moyo wake ulikuwa unaandika kila neno. Fagio. Mama wa chai. Gazeti.

— Na mtoto je? akauliza. Mimi huenda naye kila mahali, mgongoni.

— Mtoto ni mzuri! Kanjo akasema. Asubuhi. Daktari akiona mguu, halafu mtoto juu yake, roho inalainika, anaongeza maksi. Lakini mchana hao wakubwa wakimwona watasema huyu mama kila siku ni homa, kila siku ni kliniki. So asubuhi unambeba, mchana unamficha.

— Namficha wapi?

— Hayo ni mambo madogo.

— Kwani huna ndugu mnafanana? Bishop akauliza ghafla, macho yakimwaka. Wewe uende asubuhi, yeye aende mchana!

— Niko na Caren.

— Si ndio hiyo! Mnafanana?

— Caren ni mrefu kama mlango na anaogopa kuongea na watu.

— Watadhani umenyooka baada ya matibabu. Hujafa hujaumbika! Maana yake, hata serikali bado inaweza kukuumba.

Hapo Professa aliinama akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka, lakini Bishop hakuwa anacheka. Bishop alikuwa amesimama. Alikuwa amejifuta mikono kwenye aproni na kujipa cheo.

— Sikiza. Maneno mingi haivunji mfupa. Tufanye mazoezi. Mimi ndio daktari. Mama Quincy, toka hapo uende mpaka kwa ule mtungi wa maji, urudi.

Selpher aliangalia kichwa cha Debra. Kilikuwa kimeinama vilevile. Akamwachia uzi wa nywele ukining'inia, akaweka kiganja pajani, akaenda mpaka kwenye mtungi, akarudi. Kama anavyokwenda siku zote: kusukuma, kukanyaga, kusukuma, kukanyaga, haraka haraka kwa sababu ya woga.

 Bishop akavuta mdomo.

— Pole sana, mama. Umefeli.

— Nimefeli?

— Wewe hujalemaa vizuri. Unaenda kama mtu anawahi basi!

— Kweli, Kanjo akasema. Hiyo mkono kwa paja inakuharibia. Inafanya uonekane kama umezoea.

— Lakini nimezoea!

— Sasa mbona uwaonyeshe?

Bishop hakungoja. Alitoka mwenyewe katikati ya njia, akaacha mikono yote miwili ining'inie kama mikono ya shati kwenye kamba, akakunja goti, akavuta mguu nyuma yake kama gunia la viazi, akapindua na mdomo kidogo, ingawa hakuna aliyesema habari ya mdomo. Watu wa salon wakatoka kuangalia. Na hapo ndipo nesi mmoja mwenye sare, aliyekuwa amekuja kununua nyama, aliposimama, akamshika Bishop bega kwa huruma, akamwambia:

— Pole, baba. Kliniki ya mifupa iko upande ule, na leo ndio siku yao. Usiogope.

Nesi akaenda zake. Bishop akageuka kwenye benchi, uso unang'aa kama wa mtu aliyebatizwa.

— Mmesikia? Mmesikia kwa masikio yenu? Mimi nimepita!

— Hiyo ni maksi zote, Professa akakubali, na haikumfurahisha.

— Sasa wewe, Mama Quincy. Hivyo hivyo. Achilia paja. Achilia, nimesema! Mikono ilale.

Na Selpher, aliyefundishwa miaka mingi namna ya kutoanguka, akaachilia paja. Alivuta mguu kama Bishop. Hatua ya kwanza ikaenda. Ya pili, mguu ukatafuta mkono usiuone, goti likakunjika, dunia ikainama upande, na alichokishika ili asimwangukie mtoto kwenye katoni ni birika la Kanjo. Birika na Selpher vikashuka pamoja. Kahawa yote ikatoka kwa mlio, ikanywewa na vumbi, na Quincy akaamka akalia kilio cha mtu aliyedhulumiwa shamba.

— Umeungua? Kanjo akaruka. Mama Quincy, umeungua?

— Sijaungua.

— Mnaona sasa? Bishop akasema, lakini kwa sauti ndogo. Hiyo ya kuanguka ilikuwa nzuri sana. Kesho uifanye.

— Bishop, nyamaza, Professa akasema.

Ndipo kichwa cha Debra kikainuka, nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Macho yake hayakuwa na usingizi hata kidogo.

— Kwani hukuwa umelala? Kanjo akamuuliza.

— Nani atalala na hizi kelele zenu? Mimi ni mgeni hapa, labda kuna kitu sijaelewa. Asubuhi anachechemea. Mchana anatembea. Sawa. Sasa kutoka hospitali mpaka mjini, hapo katikati, anatembeaje?

Bishop akakuna kidevu kwa mpini wa kisu. 

— Anaanza kupona akifika stegi ya Community, Bishop akasema hatimaye.

— Community! Kanjo akashangaa. Pale kumejaa ofisi za serikali! Watamwona kwa dirisha. Apone akifika barabara ya Haile Selassie.

— Na setilaiti? Professa akauliza, na sasa hata yeye alionekana kusikia maneno yake.

Selpher alikuwa ameshainuka. Alikuwa amempakata Quincy kwa mkono mmoja, mwingine umerudi pajani wenyewe bila kuambiwa, na akaanza kucheka. Alicheka akashindwa kujizuia, tope la kahawa kwenye sketi, machozi yakitoka, na wale watatu wakamwangalia kwa wasiwasi wakidhani amegonga kichwa.

— Nitatembea hivi, akasema. Asubuhi hivi, katikati hivi, mchana hivi. Wakikataa, wakatae mguu yangu. Si ya Bishop.

— Mguu yangu ilikuwa na makosa gani? Bishop akalalamika. Nesi mwenyewe ameipitisha!

— Na mtoto? Debra akauliza.

— Mgongoni. Kama siku zote.

— Mgongoni, mbele ya wakubwa, dadangu, mkono mmoja kwa paja? Na wakisema tuone ukibeba hizi faili, na huyu aanze kulia vile analia saa hii?

Kicheko kikamkauka Selpher mdomoni. Mama yake yuko mbali, Vihiga. Caren anaamkia kibarua alfajiri. Jirani wa nyumbani Waithaka aliyekuwa akimwachia mtoto amehama. Usiku kucha alikuwa amehesabu watu wa kumwachia mtoto na kila mara hesabu ilirudi kwake mwenyewe, ndiyo maana aliona heri kuogopa madaktari, maana hao angalau walikuwa na saa yao ya kumaliza. Akageukia benchi. Aliongea haraka, kabla woga haujamfikia.

— Basi niwaulize nyinyi, mnaojua serikali yote, fagio na lifti na mbingu. Kesho, toka asubuhi mpaka nitoke kwa hao wakubwa, nani kati yenu atakaa na Quincy?

Professa alichukua simu akaanza kuifungua, ingawa ilikuwa wazi tayari. Bishop alikitazama kisu chake upande huu, akakitazama upande ule, akatafuta methali, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lisimame juu ya mawe, methali haikuja. Kanjo aliokota birika, akalitikisa, akasikiliza. Halikuwa na hata tone. Hapakuwa na kahawa hata ya mtu kufichia uso.

— Inama, Selpher akamwambia Debra. Nimalizie.

Akajifunga Quincy mgongoni, akashika nywele. Mstari ulinyooka. Akasuka mmoja. Akasuka mwingine. Hakugeuka, maana aliogopa akigeuka atakuta benchi ni tupu.

Kanjo akakohoa.

— Huyo jamaa mdogo, akasema, bila kumwangalia mtu, huwa analia sana?