Tarehe ya Ndoa ya Bibi Marita

Wachungaji, wazee wetu, majirani na waombolezaji wote, mimi ni Atupele, mjukuu wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na kila tarehe nitakayoitaja nimeilinganisha na cheti, na kitabu cha kanisa, au na mtu aliyekuwapo.

Marehemu Marita alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 katika kijiji cha Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akiwa mtoto wa pili wa mvuvi Zebedayo, akasoma hadi darasa la nne mwaka 1957, kisha akaketi na mama yake kufinyanga vyungu, kazi aliyoiacha mara moja tu kabla ya uzee, kama mtakavyosikia.

Siku hizo chungu kililipwa kwa mpunga uliokijaza, na mwezi Oktoba 1959, sokoni Ipinda, mkulima Eliya alimtuhumu Zebedayo kwamba vyungu vya mkewe vimetanuliwa matumbo makusudi ili vimeze mpunga wa watu, akavunja vyungu kumi na vinne, ndugu wa Zebedayo nao wakaja wakafyeka migomba ya Eliya, na kwa miaka mitano chungu hakikupanda Ipinda wala mpunga haukushuka Ikombe. Wazee wa pande zote mbili walipochoka, waliamua Marita aolewe na Hezroni, mwana wa Eliya, ndoa ikafungwa Jumamosi tarehe 22 Agosti 1964, bila Marita kuulizwa, wala Hezroni mwenyewe.

Nyumbani kwa mumewe alilima, alipika, alimsalimu kila mtu kwa heshima, ila udongo hakuugusa, hata mawifi wakamtania kwamba wameletewa mfinyanzi asiye na mikono. Hezroni alivumilia hadi tarehe 13 Februari 1965, akamrudisha Ikombe mwenyewe, akamweleza mkwe wake kwamba ng'ombe wa mahari wabaki, ugomvi usirudi, na Marita aamue bila kuharakishwa. Zebedayo aliogopa, akamsihi binti yake arudi kabla watu hawajashika mapanga tena, lakini Marita alikaa kwao miezi minne, akifinyanga.

Jumamosi tarehe 12 Juni 1965, wakati wa mavuno, alipanda mtumbwi hadi Matema, akatembea hadi Ipinda na chungu kimoja kichwani, akakitua mlangoni kwa Hezroni, naye, akidhani mkewe ametumwa na baba yake kufanya biashara, akaingia ndani, akatoka na mpunga, akakijaza hadi ukamwagika, wala hakukagua tumbo la chungu. Marita aliumimina wote juu ya mkeka, akasema, "Sikuja kuuza. Nimekuja kupika."

Kitabu cha kanisa kinasema 1964, na juzi, katika kikao cha familia, baadhi ya wazee wa ukoo walitaka isomwe hiyo, wakihofia kwamba tarehe nyingine itawaaibisha waliopatanisha, lakini Bibi aliniagiza mara tatu, mara ya mwisho akiwa kitandani, nisome ile ya chungu, hivyo tukamuuliza Babu Hezroni, aliyeketi hapa mbele, naye akajibu, "Ile ya kwanza walioana baba zetu. Soma ya kwetu."

Kwa hiyo marehemu alifunga ndoa tarehe 12 Juni 1965, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza Anyosisye, aliyezaliwa Aprili 1967, na wote wapo hapa isipokuwa Daniel, aliyetutangulia mwaka 1994, na Bibi ameacha wajukuu kumi na tisa na vitukuu sita.

Kisukari kilimwanza mwaka 2016, figo zikadhoofu Novemba 2024, akalazwa mara tatu, akafariki Ijumaa tarehe 11 Julai 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 79, miezi minne na siku nane, na siku ishirini na tisa tangu atimize miaka sitini ya ndoa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, wanakwaya wenzake, na wafinyanzi wa Ikombe, ambao vyungu vyao leo vinapika mpunga wa Ipinda kwa ajili ya msiba huu, ndaga fijo, asanteni sana.

Bibi, tarehe yako imesomwa. Pumzika kwa amani.