Mfululizo Niliomchagulia Gervas

Elinaza, Brightson, sogeeni wanangu, sauti imebaki kidogo. Miaka kumi na tisa nimejiuliza swali moja, na ninaondoka bila jibu: kwa nini Gervas wa Mtoni, mwalimu mwenzangu, mtu aliyelia mbele yangu kwa kifo cha farasi wa kitabuni, aliazima mfululizo wangu wa riwaya za Walinzi wa Chumvi, akanirudishia kitabu cha kumi na mbili, cha mwisho, kikiwa kimekatwa kurasa thelathini za mwisho kwa wembe?

Nilimtafutia udhuru, maana kuhukumu haraka si uungwana. Nikasingizia mchwa, nikasingizia wajukuu zake. Lakini mchwa hakati mstari ulionyooka. Nilipomuuliza alicheka: "Malizia mwenyewe, Mwalimu, si unajifanya unajua kila kitu?" Brightson, ulitaka kunionyesha mwisho huo kwenye simu, nikakataa, kwa sababu kuusoma kungekuwa kumsamehe.

Nyumba hii ya Bunju ni yenu wawili, msiiuze. Shamba la Same mwachieni shangazi yenu, ndiye anayelilima.

Limebaki la Gervas. Ametibiwa macho, na juzi katuma salamu nimchagulie mfululizo mrefu wa falme na majoka, wa kusoma mpaka siku zake ziishe. Kabatini ipo miwili. Mto wa Shaba una vitabu saba na unaisha vizuri, msomaji analala kwa amani. Mlima Usiolala una tisa, mtamu kuliko yote niliyowahi kusoma, na mwandishi wake alifariki vita ya hadithini ikiwa katikati. Cha kumi hakitaandikwa kamwe.

Nimetafakari sana, wanangu. Dawa ya moto ni moto. Apewe Mlima, wala asiambiwe. Akiuliza cha kumi, semeni baba hakuacha.

Unasema nini, Brightson? "Baba, mzee wa watu atakufa na kihoro"? Ndivyo ninavyokufa mimi, baba. Umekataa kubeba, sikulaumu, una moyo wa marehemu mama yako. Elinaza yeye ameshafunga boksi kwa kamba, na bodaboda anamngoja nje.

Mungu awalinde... awape uzee wenye macho mazima. Msinililie sana. Elinaza, vimo vyote tisa? Haya, mama. Umkabidhi mkononi... umwambie nimemchagulia... ulio mtamu.